Usingizi wa Wawili

Desemba 2018 habari ilifika kwetu Kimuli, wilayani Kyerwa, kwa simu za mkononi: mabinti wawili wa mkoa wetu wa Kagera, waliozaliwa wakiwa wameungana, wametenganishwa huko Riyadh, Saudi Arabia, na timu ya Dkt. Abdullah Al Rabeeah. Gulioni watu walitaka kujua walikuwa wameungana wapi na wamegawana nini. Mzee mmoja muuza kahawa alitaka kujua nani kalipa. Mimi kazi yangu ni kulaza watu nusu kaputi, na swali langu halikuwa na wa kulijibu: ni yupi aliyelazwa kwanza, na mwenzake alianza kusinzia saa ngapi?

Watu hucheka nikiwaambia hivyo. Wanadhani mtu wa usingizi anachoma sindano, kisha anakaa kwenye stuli kumsubiri daktari amalize kushona. Hata ndugu zangu, ambao kahawa yao ndiyo iliyonisomesha, mgonjwa akipona operesheni humsifu aliyeshika kisu. Sina ugomvi na hilo. Ila operesheni ya mapacha walioungana ni mahali ambapo hesabu za mtu wa usingizi huonekana hata na asiyejua kitu, na ndiyo sababu nimeifuatilia miaka yote hii ingawa sijawahi kusimama chumba kimoja na watoto wa namna hiyo. Hutokea mara moja katika vizazi elfu hamsini hadi laki moja, na karibu nusu yao huzaliwa wakiwa wameshafariki. Mtu wa Kyerwa kuwasubiri hao ni kupoteza muda. Lakini kuna wengine wawili walioungana ambao nawalaza karibu kila wiki, na nitafika kwao.

Jambo lenyewe nililisikia mara ya kwanza Moshi, nilipokwenda hospitali ya KCMC kusomea usingizi baada ya kuwa afisa tabibu kwa miaka kadhaa. Mwalimu alichora ubaoni watoto wawili wanaotazamana, wameungana kifuani, kisha akamkabidhi chaki kijana wa dawati la mbele.

"Mlaze."

"Yupi, mwalimu?"

"Ahaa," akasema, "sasa tunaweza kuanza kipindi."

Alianza na mzani. Huwezi kumpima mmoja peke yake. Unawapima wote wawili, unagawa kwa mbili, na hapo tayari umeshakosea kidogo, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Dozi ya mtoto hutoka kwenye kilo zake. Kwa hiyo kabla hujavuta dawa kwenye bomba la sindano, namba unayoitegemea ni ya kukisia.

Halafu damu. Ukichoma dawa kwenye mshipa wa huyu, kiasi gani kitavuka kwenda kwa yule? Inategemea wamegawana nini. Walioungana chini ya mgongo, kama wale wasichana wa Meru waliotenganishwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, Novemba 2016 kwa operesheni ya saa 23, kwa kawaida damu zao hukutana kwa uchache. Walioungana ini, au mfuko wa moyo, au moyo wenyewe, hao wana mambo mengine kabisa. Kuna kipimo cha zamani nilichokipenda kwa sababu hakihitaji mashine ya mabilioni: mpe mmoja atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, kisha kaa umtazame mwenzake. Mapigo ya huyo ambaye hujamgusa yakianza kupanda upesi, ujue njia baina yao ni pana. Yasipopanda, bado usijiaminishe, maana dawa nyingine inaweza kuchelewa na ikafika wakati umeshaisahau.

Kwa sababu hiyo hawalazwi kwa pamoja. Analazwa mmoja, mwingine yuko macho, pengine analia, na timu yake imeshika mikono yake ikimwangalia kama ameanza kulegea kwa dawa ambayo hakupewa. Wakiwa wameungana vifua, nyuso zinakaribiana kiasi kwamba ukitaka kuingiza mrija kwenye koo la mmoja, lazima mtu amnyanyue mwenzake amweke pembeni, bila kuvuta mahali walipoungana wala kubana mshipa ulio humo ndani. Mrija ukishakaa, kazi nzima inarudiwa upande wa pili. Kisha kila mtoto ana mashine yake, dripu zake, damu yake iliyopimwa na kuandikwa, na watu wake. Hospitali zinazofanya kazi hii hugawa chumba kwa rangi: kofia za rangi moja kwa timu ya mtoto huyu, rangi nyingine kwa ya yule, na plasta ya rangi hiyo hiyo kwenye kila bomba, kila waya, kila chupa. Siku kadhaa kabla hufanya mazoezi kwa midoli iliyoshonwa pamoja, ili ijulikane mapema nani atasimama wapi na waya upi utajisokota. Kwenye karatasi wanaandikwa A na B. Kwetu, hata wakiwa wameungana, wangeshapewa majina yao siku nyingi: Ishengoma na Kato, au kama ni wa kike, Nyangoma na Nyakato, aliyetangulia na aliyefuata. Nadhani bibi zetu wangeielewa ile biashara ya kofia za rangi bila kufundishwa.

Kinachonitisha zaidi ni damu inayopotea. Mtoto mdogo ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Wawili wenye jumla ya kilo 16 wana damu inayokaribia kujaza chupa nne za soda, basi, kwa watu wawili. Ini likikatwa, chupa moja inaweza kuondoka wakati unageuka kuchukua kalamu. Na huijui imetoka kwa nani. Mpasuaji anaona jeraha moja. Presha zinashuka mbili, kwa mwendo tofauti, na ni wewe wa kusema huyu anahitaji damu sasa, huyu asubiri, ukikumbuka kwamba utakayompa huyu nayo inaweza kuvuka.

Halafu inafika dakika ambayo wapiga picha huipenda. Kipande cha mwisho kinakatwa, timu moja inamsogeza mtoto wake kwenye meza ya pili. Kwa wapasuaji huo ni ushindi. Kwa mtu wa usingizi ndiyo dakika mbaya kuliko zote. Mirija inaweza kuchomoka katika kule kuhamishwa. Mtoto aliyekuwa akibebwa na moyo wa mwenzake sasa anautegemea wake. Dozi zote za mwanzo zimekwisha maana yake. Una wagonjwa wawili wapya ambao hujawahi kuwaona kila mmoja kivyake, na ngozi ya kufunika mwili uliobaki wazi huenda haitoshi, na kifua kilichofungwa kwa nguvu kinagoma kupanda. Wavulana wa Igunga, Tabora, waliotenganishwa Riyadh Oktoba 2023, walikaa mezani saa 16. Sehemu kubwa ya saa za namna hiyo wapasuaji wa mifupa, wa njia ya mkojo na wa ngozi hupokezana, mmoja akimaliza anatoka kunywa chai. Pale kichwani mwa mtoto mnaweza kupokezana pia, lakini kiti hakiachwi wazi.

Sasa wale wa kwangu.

Mama mjamzito anayepasuliwa ni watu wawili wenye mshipa mmoja wa kuchoma dawa. Hospitali zetu za vijijini hulaza wagonjwa wa kila aina, henia, majipu, ajali za bodaboda, lakini wengi wa wanaofika kwenye meza yangu ni akina mama wa uchungu pingamizi. Wanatoka Murongo, Nkwenda, vijiji vya karibu na Mto Kagera, wengine wamepakatwa kwenye pikipiki usiku na mvua inanyesha. Nilipokuwa Moshi nilidhani somo la mapacha walioungana ni la madaktari bingwa wa mbali. Nilipoanza kazi nikagundua mwalimu alikuwa ananifundisha upasuaji wa uzazi kwa njia ya mzunguko.

Kondo la nyuma nalo linapitisha baadhi ya dawa na kuzuia nyingine. Ketamini inapita. Propofoli inapita. Pethidini inapita na kumfanya mtoto azaliwe mvivu wa kupumua. Dawa ya kulegeza misuli ninayompa mama ili niweke mrija, hiyo karibu haipiti, na ni bahati kubwa, kwani ingepita watoto wangezaliwa wametulia kama magunia. Halothani ndiyo mtihani: ukimpa mama kidogo mno, huenda akasikia kisu, ukizidisha, mji wa mimba unalegea, unagoma kubana, damu inamwagika, na mtoto naye anatoka amesinzia. Ndiyo sababu tunapenda ganzi ya mgongo, kwani kiasi kinachofika kwa mtoto ni kidogo sana. Lakini ganzi nayo hushusha presha ya mama, na presha ya mama ndiyo pumzi ya mtoto. Kwa hiyo kabla ya kisu namwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia, alalie upande wa kushoto kidogo, ili tumbo lisiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kitambaa cha kawaida tu, kimekunjwa mara tatu. Sijui dawa iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kisha kuna kitovu. Kikishabanwa na kukatwa, hapo hapo watu wawili wametengana mbele yangu, na mambo yanabadilika kama kwenye ile meza ya Riyadh. Dawa kali za maumivu nilizokuwa nazizuia, sasa naweza kumpa mama. Oksitosini inaingia ili mji wa mimba ubane. Na mtoto, ambaye sekunde chache zilizopita alikuwa akipumuliwa na mama yake, ana dakika moja ya kuonyesha kama anaweza peke yake.

Riyadh, dakika hiyo, timu ya pili imeshasimama na kofia zake. Kwangu timu ya pili ni nani?

Swali hilo nililibeba usiku mmoja tulipoletewa binti wa kifafa cha mimba, mimba yake ya kwanza. Alikuwa ameshapata degedege mbili njiani. Alikuwa amepewa magnesi, kama inavyotakiwa, na magnesi inamlinda mama asipate degedege nyingine, lakini inapita kwa mtoto na inaweza kumlegeza. Ganzi ya mgongo haikufaa kwa hali yake, fahamu zilikuwa zimepungua. Ketamini nayo sikuitaka, maana hupandisha presha na yake ilikuwa juu tayari. Nikajua nitamlaza kabisa, nikajua mtoto atatoka ameshapokea karibu kila kitu nilichompa mama yake, na nikajua kwamba wakati huo mikono yangu yote miwili itakuwa kwa mama.

Mkunga wa zamu alikuwa mama mtu mzima, amezalisha nusu ya vijana wa tarafa ile. Kabla sijavuta dawa nikamwambia, "Mama, leo mtoto ni wako kuanzia sasa. Usinisaidie mimi hata nikikuita."

Akanitazama. "Hata ukiniita?"

"Hata nikikuita, mama."

"Haya, mwanangu. Lakini usiniite basi."

Akaenda kwenye kona yake, akawasha taa ya joto, akajaribu ambu, mfuko wa kumpumulishia mtoto, kwa kiganja, akaweka saa ya ukutani mahali anapoiona. Mtoto alitoka mweupe, hana nguvu, kimya. Sikugeuka. Nilisikia ambu ikibonyezwa, moja, mbili, moja, mbili, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, huku presha ya mama ikishuka na mimi nikiishughulikia hiyo tu. Mtoto alilia. Mama naye aliamka taratibu kesho yake mchana. Bibi wa yule mtoto, aliyekuwa amelala nje kwenye benchi, alinishika mkono akaniambia, "Waitu daktari, ulimshika yupi kwanza?" Nilimwambia nilimshika mkweo, na mjukuu alikuwa na mtu wake.

Mapacha walioungana walinifundisha kwamba kila uhai mezani uwe na mtu wake, aliyetajwa kabla ya kisu, hata kama watu wenyewe tuko wanne. Nyenzo hatuna. Lakini kutaja hakuhitaji nyenzo. Orodha ya usalama ya upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa ya Ifakara hapa kwetu, pamoja na nyingine za miji kama London na Seattle. Sehemu mojawapo ni hiyo tu: kila mtu ataje jina lake na kazi yake kabla ya kukata. Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nimeona watu wakiisoma orodha hiyo kama sala ya jioni, macho kwenye simu. Ni kazi bure. Ukiisoma kwa kweli, unagundua mara nyingi sana hakuna aliyepangiwa mtoto.

Swali la yule bibi hunirudia kwa namna nyingine pia. Ndugu wakiwa nje ya mlango huuliza, kwa aibu, kama ikibidi mmoja, nitamchukua nani. Nadhani wanalitoa kwenye filamu. Katika kazi yangu huwa halipo, au lipo kwa nadra mno, kwa kuwa njia ya kumwokoa mtoto karibu kila mara ni kumshika mama: presha yake, oksijeni yake, damu yake. Kwa mapacha swali hilo limewahi kuwa la kweli. Mwaka 2000, Manchester, Uingereza, walizaliwa mabinti wawili wa wazazi kutoka kisiwa cha Gozo, Malta. Mahakama iliwaita Jodie na Mary ili kuficha majina yao. Moyo na mapafu ya Mary havikufanya kazi. Alikuwa anaishi kwa moyo wa Jodie, na madaktari walisema moyo huo utachoka na wote watakufa. Wazazi, Wakatoliki, walikataa mmoja auawe ili mwingine aishi. Mahakama ya Rufaa ikaruhusu. Novemba mwaka huo walitenganishwa kwa saa 20. Mary alifariki, Jodie akaishi.

Wanasheria wameandika mengi juu ya kesi ile. Mimi najiuliza kuhusu dozi. Mary naye alihitaji kulala, kutosikia maumivu, kuwa na joto, kuhesabiwa. Mtu aliyemlaza alikuwa analaza mtoto ambaye mpango mzima ulijua hataamka, na alipaswa kumlaza vizuri vile vile. Sijui kama mimi ningeweza. Nafikiri ningeweza, kwa sababu mkono ukishazoea kuhesabu wawili unahesabu wawili, lakini nisingependa kujaribiwa.

Kisha kuna wale ambao hawakutenganishwa kabisa, na Watanzania wote tunawakumbuka. Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996, wakalelewa na watawa, wakasoma hadi Chuo Kikuu cha Ruaha Iringa, walisema wazi hawataki kutenganishwa. Walifariki siku moja, tarehe 2 Juni 2018, kwa matatizo ya kupumua. Watu wa Kimuli waliomboleza kama ndugu zao, na palikuwa na ubishi mrefu kwenye kahawa kuhusu roho, ndoa na mirathi. Nilikaa kimya, nikiwaza jambo dogo ambalo si la kusema msibani: kama Maria angeumwa kidole tumbo, tungewalaza wawili. Kama Consolata angehitaji kung'olewa jino kwa nusu kaputi, mashine mbili. Miaka ile yote, mtu yeyote wa usingizi Iringa angeweza kuamshwa usiku na kukuta hesabu ambayo darasani tulichorewa ubaoni kwa mzaha.

Julai 2022 Muhimbili ilitenganisha mapacha jijini Dar es Salaam, madaktari wetu wakisaidiana na wageni, na nilifurahi kwa sababu ya kiungwana na ya ubinafsi: siku hiyo kuna watu wa usingizi wa Kitanzania waliovaa kofia za timu mbili, na baadhi yao watafundisha. Wanaotoka huko wakija kwetu kwa mafunzo, nawapeleka kwanza kwenye fomu ya usingizi. Ni karatasi yenye safu za presha, mapigo na oksijeni, kila dakika tano. Ina mgonjwa mmoja. Kwa upasuaji wa uzazi nachukua rula nachora mstari katikati: kushoto mama, kulia mtoto. Upande wa mtoto tunaandika mapigo yake ya mwisho mkunga aliyoyasikia kabla ya kisu, saa mji wa mimba ulipofunguliwa, saa alipotoka, alama zake za dakika ya kwanza na ya tano, na juu kabisa jina la aliyempokea. Kijana mmoja aliniuliza, mimba ya mapacha je? Nikampa rula.

Niliomba zichapwe fomu mpya zenye mstari huo. Mtunza stoo alizigeuza zile za zamani mara mbili, akaniambia karatasi ni ile ile, kilichopungua ni wino, na wino ninao.